Vigae vya shimoni Kilwa: kuna kipimo kinachoweza kutaja umri wake?

*"Shikamoo mwalimu. Ninajenga kwenye shamba la marehemu baba, kijiji kimoja wilayani Kilwa, si mbali na bahari. Fundi alipokuwa anachimba shimo la choo, kuanzia kina cha magoti hadi kiunoni vikaanza kutoka vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Vingi ni vyeusi, vizito, vingine vimechorwa pembetatu karibu na mdomo. Vichache ni vya kijani vinavyong'aa, na vingine vitatu ni vyeupe vyenye maua ya buluu. Udongo wenyewe una majivu na makome mengi. Mke wangu ameosha nusu kwa sabuni, nusu bado. Mjomba anasema ni vyombo vya Washirazi. Binamu yangu aliyeko Dar anasema tuvipeleke vikapimwe kaboni, watatutajia mwaka wenyewe. Kuna mtu pia amekuja anataka vyenye maua, vyeusi akasema nitupe. Je, kweli kipo kipimo cha kutoa umri wa kigae? Nivipeleke wapi? Na nikitoa taarifa, sitanyang'anywa kiwanja? Fundi anasubiri."*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa ujenzi kusimama. Kabla sijakujibu, kuna mambo mawili ya leo leo: vigae ambavyo havijaoshwa viache na udongo wake, na vyeusi usivitupe. Huyo mnunuzi amekupa bei ya sokoni. Mimi nikiambiwa nichague kigae kimoja tu kutoka shimoni kwako, nitachukua cheusi, tena chenye masizi.

Sasa nije kwenye kaboni. Binamu yako amesikia jambo la kweli, ila amelisikia nusu. Kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe taratibu, hupima umri wa kitu kilichowahi kuwa hai: mti, nyasi, mbegu, mfupa, samaki. Kikiwa hai hupata kaboni mpya kila siku. Kikifa, kaboni 14 iliyomo huanza kupungua, na kila inapopita miaka 5,730 hivi hubaki nusu ya ile iliyokuwapo. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Ni njia nzuri sana, lakini udongo wa mfinyanzi haukuwahi kuwa hai. Kaboni iliyomo ndani yake ni ya mizizi na majani yaliyooza bondeni zamani, pengine karne nyingi kabla huyo mfinyanzi hajazaliwa. Ukiusaga udongo wa kigae ukaupima, utapata mchanganyiko wa umri wa bonde na umri wa kuni zilizochomea chungu, jibu ambalo halina kazi.

Kinachopimika ni kile kilichoganda kwenye chungu, na hapo nako kuna mitego. Masizi ya nje ni moshi wa kuni. Kama mpishi aliwasha boriti ya mkoko iliyotoka kwenye nyumba iliyobomoka, kipimo kitakupa umri wa mkoko, sio wa pishi. Ukoko ulioungulia ndani ni bora zaidi kwa sababu ni chakula, na chakula ni cha msimu ule ule. Lakini sisi watu wa pwani tunakula nini? Samaki. Na viumbe wa baharini hubeba kaboni kongwe iliyokaa muda mrefu kwenye maji ya kina, kwa hiyo vipimo vyao huonekana vya zamani kuliko ukweli, kwa wastani miaka 400 hivi. Chungu kilichopikiwa samaki mwaka 1350 kinaweza kusomeka cha mwaka 950 endapo maabara haikuambiwa kilipikia nini, au haikufanya marekebisho. Nimeshaona watu wakijivunia kijiji kikongwe ambacho ukongwe wake ulitoka kwenye supu ya samaki.

Kuna habari njema ya karibuni. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba mafuta ya chakula yaliyonyonywa na ukuta wa chungu yanaweza kutengwa, aina kwa aina, kisha yakapimwa kaboni 14 yenyewe. Huo ndio ukaribu mkubwa zaidi tulioufikia wa kupima chungu chenyewe kwa kaboni. Kinahitajika kigae kilicholowa mafuta vya kutosha, vifaa vya hali ya juu na fedha si haba. Hata kipimo cha kawaida cha kaboni, sampuli moja hugharimu mamia ya dola. Na kwa vyombo vya miaka 300 iliyopita, kaboni 14 haisaidii sana: kiasi chake hewani kilipanda na kushuka, hivyo jibu moja linaweza kuangukia popote kati ya mwaka 1650 na 1950. Basi vile vya maua ya buluu, ambavyo havina chakula ndani yake na huenda ni vya karne za karibuni, kwenye kaboni usivipeleke kabisa.

Kipo kipimo kingine, na hiki kinagusa tukio lenyewe la kuchoma chungu. Kinaitwa themoluminesensi. Ndani ya udongo wa chungu mna punje za mchanga, hasa kwatzi na feldispa. Udongo wenyewe, na ardhi iliyokizunguka chungu, una uraniamu, thoriamu na potasiamu kwa kiasi kidogo sana, na mionzi yake huzigonga punje hizo mchana na usiku. Kila pigo huacha nishati kidogo iliyonaswa ndani ya punje. Chukua pipa chini ya mfereji wa paa: ukijua maji yanaingia kwa kasi gani, ukapima yamejaa hadi wapi, utajua mvua ilianza lini. Kuchoma chungu ndiko kulimwaga pipa, kwa sababu joto la nyuzi 500 hivi huiondoa nishati yote iliyokuwa imehifadhiwa. Maabara inapozichoma punje hizo tena, nishati hutoka kwa mwanga hafifu, na wingi wa mwanga ndio umri.

Lakini angalia: nusu ya hesabu hiyo ni kasi ya maji kuingia, yaani mionzi ya udongo uliokizunguka chungu pale kilipolala. Kigae kilichookotwa mezani, bila udongo wake na bila kujua kilitoka kina gani, kitapimwa kwa kubahatisha upande mmoja. Ndiyo maana nikakuomba uuache udongo. Hata mambo yakienda vizuri, kosa la kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Chungu cha miaka 1,000 utaambiwa ni cha miaka 1,000, kuongeza au kupunguza 50 hadi 100. "Mwaka wenyewe" aliousema binamu yako hautoki kwenye mashine yoyote. Afadhali kwamba sabuni ya mkeo haikuharibu kitu upande huu, kwani maabara hukwangua milimita mbili za juu na kutumia kiini.

Sasa nikwambie jambo ambalo huwashangaza wengi: sehemu kubwa ya umri wa vigae vyako itatolewa na macho ya mtu aliyezoea, kabla mashine yoyote haijawashwa. Mapishi hubadilika, midomo ya vyungu hubadilika, michoro huja na kupotea. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimbua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, mwenzake Mark Horton akachimbua Shanga, kisiwani Pate huko Kenya, miaka ya 1980, na wengi wengine Unguja Ukuu, Pemba, Mafia na Bara. Walifuata tabaka juu ya tabaka, wakiandika kigae gani kinatoka na kipi, pamoja na mkaa uliopimwa, sarafu, na vyombo vya ng'ambo vinavyojulikana vilitengenezwa lini. Kutokana na kazi hiyo, mdomo wa chungu wa upana wa vidole vitatu unatosha kukupa umri ndani ya karne mbili au tatu.

Hizo pembetatu zako, kama ni zile ninazozifikiria, ni za kundi ambalo mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alilipa jina linalotokana na pembetatu zenyewe, na wengine hulihusisha na Mto Tana. Chukua kigae ukitazame jua likiwa pembeni. Chini kidogo ya mdomo, shingoni, utaona mkanda wa pembetatu zilizochorwa kwa ncha ya kijiti udongo ukiwa bado mbichi, na ndani yake mistari ya mshazari iliyojazwa haraka haraka, mingine imepita mpaka. Pembeni mwa kila mstari kuna kijitutu kidogo cha udongo uliosukumwa. Kama kijitutu hicho ni laini, alichora ukiwa mbichi kabisa. Kama kimemong'onyoka, udongo ulikuwa umeshaanza kukauka. Sasa geuza utazame ulipovunjika. Mara nyingi utaona mstari mweusi katikati na wekundu au kahawia pande mbili. Huo weusi ni kaboni isiyopata muda wa kuungua: chungu kilichomwa uwanjani kwa nyasi na kuni, moto mkali wa muda mfupi, sio tanurini. Vyungu vya namna hii ni vya karne ya 7 hadi ya 10, na vimeonekana kuanzia Lamu hadi Msumbiji, visiwani Komoro, na hata bara kabisa kule Dakawa, Morogoro.

Hapo ndipo mjomba na mimi tunapoachana kidogo, kwa heshima zote. Vyungu hivi havikuja na jahazi. Vilifinyangwa hapa hapa, kwa mkono, na watu walioishi pwani na bara wakitumia mtindo mmoja. Ukivikuta Kilwa na Dakawa vimefanana, unachokiona ni jamii moja iliyogawanyika kati ya bahari na mashamba. Vya kijani vinaweza kweli kuwa vya ng'ambo, lakini ng'ambo ni kubwa. Kama kiini kilichovunjika ni cha manjano hafifu, laini, na rangi ni ya kijani-buluu nzito inayobanduka, hiyo ni kazi ya Iraki au Uajemi, na mjomba atakuwa amepata pointi yake. Kama kiini ni kigumu, cha kijivujivu, na kijani kimetulia, kinaonekana kama chenye kina, basi ni cha China, yumkini kutoka matanuri ya Longquan mkoani Zhejiang, vyombo vilivyofika kwa wingi pwani yetu kati ya karne ya 13 na 15. Ni enzi za Husuni Kubwa, lile jumba la sultani wa Kilwa, na za ziara ya msafiri Ibn Battuta aliyepita Kilwa mwaka 1331.

Na vya maua ya buluu? Nisikufiche, hapa ndipo watu huuziana ndoto. Kweli kaure ya China ya buluu ilifika Kilwa. Lakini karne ya 19 viwanda vya Ulaya, hasa vya Maastricht huko Uholanzi, vilimwaga mabakuli ya maua kwenye pwani hii, na vipande vyake vimejaa kila kijiji cha zamani. Tazama ua kwa karibu. Kama limejirudia sawasawa, kingo zimefifia kwa sababu lilipigwa kwa muhuri wa sponji, na kiini ni cheupe-maziwa chenye nyufa nyembamba zilizoshika ukahawia, hilo ni bakuli la kiwandani. Kaure ya China kiini chake ni cheupe kinachong'aa na hakina vitundu. Ikibaki shaka, mashine ndogo ya eksirei inayoshikwa mkononi itasoma kobalti ya ile buluu: kobalti iliyochimbwa China yenyewe huja na manganizi nyingi, ile iliyoletwa kutoka Mashariki ya Kati huja na chuma nyingi na manganizi kidogo. Kazi ya dakika chache, na haiharibu kitu.

Ukitaka kujua chungu cheusi kilifinyangwa wapi, hilo ni swali gumu kuliko watu wanavyodhani. Hatua ya kwanza ni kukata kipande chembamba, unene wa milimita 0.03, kikabandikwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini yenye mwanga maalumu. Kwa unene huo mawe hupitisha mwanga, na kila madini hujitambulisha kwa rangi yake. Utaona mchanga wa mto, vipande vya makome, pengine vigae vya zamani vilivyosagwa vikachanganywa. Kikionekana kipande cha jiwe la volkeno, tunashtuka, kwa sababu Kilwa imekaa juu ya matumbawe na mchanga, haina volkeno. Hapo tutaanza kuiwazia Komoro. Hatua ya pili ni kupima elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, kwa eksirei au kwa nyutroni za kinu cha nyuklia, na kulinganisha na udongo unaojulikana. Tatizo la pwani yetu ni kwamba Tana, Rufiji na Ruvuma zote zinashusha mchanga uliotokana na miamba ya ukanda mmoja mkongwe, kwa hiyo udongo wa mbali unaweza kufanana kuliko tungependa. Mtu akikwambia mashine imetaja kijiji kilikotoka chungu, muulize alilinganisha na udongo wa vijiji vingapi.

Narudi kwenye uoshaji, maana nimeona hofu yako. Chungu kisichopakwa ganda la kioo hunyonya mafuta kila kinapopikia, na mafuta hayo hukaa ndani ya vitundu vyake kwa maelfu ya miaka. Maabara husaga gramu chache, hutoa mafuta kwa dawa, na kutazama asidi mbili, ya palmitiki na ya steariki. Uwiano wa isotopu za kaboni, yaani kaboni za uzito tofauti, ndani ya hizo mbili hutofautisha maziwa na nyama ya ng'ombe au mbuzi, na hizo na samaki. Kaure haina vitundu, kwa hiyo haijui lolote kuhusu chakula chako. Chungu cheusi kinajua kila kitu. Sabuni huondoa ya juu tu, kwa hiyo vilivyooshwa havijafa, ila vimechafuliwa: sabuni ni mafuta, losheni ya mikononi ni mafuta, na mfuko wa plastiki hutoa kemikali zake zinazojitokeza waziwazi kwenye vipimo. Vile vyenye masizi na ukoko vifunge kwenye karatasi ya alumini, kisha bahasha ya karatasi. Vilivyooshwa vitenge, uandike "vimeoshwa". Hilo tu linatosha, na mkeo asilaumiwe.

Huyo mnunuzi mwambie hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, inamtaka aliyevigundua atoe taarifa, na inakataza kuuza au kusafirisha nje bila kibali. Wasomaji walioko Kenya, kwenu mwaka unaohesabiwa ni 1895. Zanzibar ina sheria na idara yake. Zaidi ya sheria, kigae chenye maua kilichotengwa na majivu, makome na vyungu vyeusi vya tabaka lake hakina tena njia ya kutuambia lolote zaidi ya kwamba kilitengenezwa mahali fulani.

Kuhusu kiwanja, siwezi kukuapia kwa niaba ya ofisi ambayo si yangu. Ninachokijua ni kwamba sehemu nyingi za Kilwa zina vigae chini, na watu wanaishi juu yake. Mara nyingi wataalamu huhitaji kuja kuona, kupiga picha, kuchora kuta za shimo, na kuchukua sampuli kabla halijafukiwa. Ikionekana kuna kuta za mawe, makaburi au sakafu ya chokaa, hapo mazungumzo yatakuwa marefu zaidi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kwanza, umwombe akuandikie barua, kisha kwa Afisa Utamaduni wa wilaya na watu wa Mambo ya Kale, au wanaosimamia magofu ya Kilwa. Barua hiyo ndiyo kinga yako baadaye, mtu akidai ulificha. Ukitaka uchambuzi wa kina, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha akiolojia, na hao ndio wenye uwezo wa kuamua kigae gani kinastahili kupelekwa maabara ya nje na kwa swali gani. Usitume sampuli mwenyewe kwa basi au kwa posta.

Kabla hawajafika, usichimbe zaidi kutafuta vingine. Safisha taratibu ukuta mmoja wa shimo kwa mwiko wa fundi, simamisha rula au futi kamba, upige picha asubuhi kabla jua halijawa kali, kuanzia juu hadi chini. Majivu yanaanzia wapi? Makome yamejazana tabaka moja au yametapakaa? Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu umenitajia vigae ambavyo huenda vimepishana karne nyingi kutoka shimo moja. Kama pembetatu zilikuwa chini na maua juu, una jalala la kijiji kilichokaa muda mrefu. Kama vimechanganyika, huenda mtu alishachimba hapo kabla yako. Muulize fundi sasa, angali anakumbuka jembe lilitoa nini kwanza. Vile vilivyokwisha kutoka, tenga kwa kina: vya magotini bahasha yake, vya kiunoni bahasha yake, na kila moja itiwe kikombe cha udongo wa pale pale. Andika kwa penseli, wino wa kalamu hufutika kwenye unyevu.

Choo nacho familia inakihitaji. Afisa akija, mwombe akuonyeshe upande wa kiwanja ambako udongo hauna majivu wala makome, na fundi asipige jembe huko kabla hajapaonyeshwa.